Mbuzi wa Jumamosi

Kijiji chetu cha Nyamigana, upande wa Kharumwa, hakijawahi kuacha yowe la mtu likapotea hewani. Ukipiga mwano pale, yaani lile yowe la Kisukuma la kuomba msaada, hata kama umekanyaga chura gizani ukadhani nyoka, kabla hujavuta pumzi ya pili una wanaume mia mbili uani kwako, wana marungu, pinde na tochi za Kichina, na wengine wamesahau suruali. Mjini mnaweka mageti, mnaweka nyaya za umeme ukutani, mnamlipa mlinzi anayelala kuliko nyinyi. Sisi tuna masikio.

Hivyo ndivyo ninavyosema kila siku hapa Katoro, kwenye benchi la chai la Mama Mageni, huku nazungusha kidoleni ufunguo wa pikipiki pamoja na kifilimbi cha bati kinachoning'inia pale kama pambo. Wenzangu wa bodaboda hucheka. Jumanne iliyopita Chacha, ambaye kwao ni Tarime na haamini kitu asichokishika, hakucheka.

"Kila yowe?"

"Kila yowe."

"Hakuna hata moja lililokosa mtu?"

Nikakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mvua ilikuwa imefukuza abiria wote. Benchini tulikuwa watatu wanne, na huko mwisho mama mmoja aliyejifunika kanga kichwani, ana beseni la dagaa miguuni, anasubiri ipungue.

"Moja," nikasema. Na kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine, nikaisimulia.

Ilianza na ng'ombe wa mzee Mayala. Usiku mmoja wa kiangazi wezi walifungua zizi lake wakatoa ng'ombe saba. Mwano ukapigwa, kijiji kikatoka mbio hadi karibu na mto, ng'ombe wakarudi sita. Asubuhi yake wanaume wakaitwa majina uwanjani, mmoja mmoja, kama sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wanavyofanya siku zote. Aliyesikia mwano asitoke anatoa mbuzi dume mmoja. Mgonjwa hutuma mtu wa kumsemea. Anayesafiri huaga kwa katibu kabla ya kuondoka. Mlevi hutoa mbuzi hata kabla pombe haijamtoka.

Bartholomeo hakuwa mgonjwa, hakuwa safarini, wala pombe hanywi. Alikuwa zamu ya usiku duarani, kwenye shimo la dhahabu lenye kina cha futi mia na ishirini, anapasua mwamba kwa nyundo na tindo.

"Kule chini husikii hata radi," alijieleza. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la mawe likiwa bado kwenye kope. "Mtemi, naomba nieleweke. Ningesikia ningekuja."

Mtemi Masele, mkuu wa sungusungu, alimsikiliza hadi mwisho. Ni mzee asiye na haraka. "Kila mtu alikuwa mahali, kijana wangu. Mwingine alikuwa ndani ya usingizi. Hata usingizi una kina."

"Usingizini mtu anaamshwa."

"Na duarani kuna kamba ya kupandia. Tukisema wa chini asamehewe, kesho mwano ukilia kijiji kizima kitaingia mashimoni."

Hapo jambo lilikuwa bado linaweza kuisha. Mtemi alishaanza kukuna kidevu, na Mtemi akikuna kidevu mbuzi hugeuka jogoo. Lakini sungusungu walikuwa na katibu, kijana wa kidato cha nne mwepesi wa mdomo, aliyepewa daftari kwa sababu mwandiko wake unasomeka, na filimbi kwa sababu mapafu yake bado mapya. Katibu akasoma kwa sauti alichokuwa anaandika.

"Bartholomeo. Hakufika. Yuko kuzimu kikazi."

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Mzee Mayala aliyepungukiwa ng'ombe alicheka. Kina mama waliokuwa wanapita na ndoo walizitua ili wacheke vizuri. Mtemi mwenyewe alicheka hadi akasahau kidevu. Bartholomeo alisubiri wanyamaze, na walichelewa kunyamaza.

"Sitoi mbuzi kwa sauti ambayo haikunifikia," alisema. "Nikitoa, nitakuwa wa kuzimu hadi nizikwe."

"Usipotoa unatengwa," Mtemi akasema, kicheko hakijamtoka sawasawa.

"Nitengeni."

Waliojua maana ya neno hilo ndio walionyamaza wa kwanza.

*

Kutengwa hakuna kipigo. Hakuna anayekugusa, na ndiyo adhabu yenyewe. Hupewi moto, huuziwi chumvi, husalimiwi, huzikwi. Anayekusemesha anatoa mbuzi. Na ukipiga mwano, hauitikiwi. Anayeuitika anatoa wawili.

Bartholomeo ndiye aliyetengwa, lakini alikuwa anashinda chini ya ardhi na wachimbaji waliotoka Kigoma na Singida, watu wasiojua mbuzi wala Mtemi. Aliyeishi ile adhabu ni mkewe, Scolastika.

Wiki ya kwanza alikwenda na debe lake la mahindi kwenye mashine ya Amosi. Akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, Amosi akazima mashine.

"Mafuta yameisha," aliliambia paa.

Scolastika akasogeza debe pembeni. Mama Rebeka, jirani yake wa ng'ambo ya ua wa minyaa, akaweka la kwake. Mashine ikakohoa, ikawaka. Akasaga Mama Rebeka, akasaga aliyemfuata, wakasaga wote hadi wa mwisho, kisha Amosi akafunga mlango na kuondoka na ufunguo, akimpita Scolastika kama unavyopita kisiki. Scolastika alirudi nyumbani akatwanga kwenye kinu. Kinu kina sauti. Kila jioni kijiji kilikuwa kinasikia kwamba kwa Bartholomeo bado hawajanyenyekea, na watoto wakaanza kuigiza mlio wake wakitoka shule, tu, tu, tu, mbele ya binti yake Asteria aliyekuwa darasa la nne.

Mama Rebeka ndiye aliyemzalisha Scolastika huyo Asteria, mvua ilipokata barabara ya zahanati. Sasa akitoka nje kumwaga maji alikuwa anaimba kwa nguvu, ili ionekane yuko mbali na mambo ya dunia.

Mchana Scolastika aliumeza. Jua likizama ndipo kazi ilipoanza. Anaingiza kuku ndani. Anampeleka Asteria chooni kukiwa bado kweupe, ataka asitake. Anaegemeza jiwe la kusagia kwenye mlango wa bati, analala na nguo zake zote, na kusikiliza. Zamani mbwa akibweka usiku alikuwa anageuka upande wa pili. Sasa alikuwa anakaa kitandani hadi mbwa aeleze shida yake.

"Baba Asteria, toa mbuzi," alimwambia mumewe asubuhi moja, akimmiminia maji ya kunawa.

"Haki iko kwangu."

"Haki unashuka nayo duarani. Mimi unaniachia bati."

"Wataona haya wenyewe."

"Jana nimemwamkia Mama Rebeka. Mwangaluka, mayu. Akatazama ule ua kama minyaa ndiyo iliyosema. Si kwamba nalilia salamu. Naogopa siku nitakayopiga kelele."

"Nani aje hapa? Tuna nini?"

"Wewe ni mchimbaji. Mwizi anajua mchimbaji analalia dhahabu."

"Angekuja kuona godoro lenyewe," Bartholomeo akasema, akitaka mkewe acheke. Hakucheka. Akaendelea kumwaga maji hadi birika likaisha.

Wiki ya tano Bartholomeo aliacha zamu za usiku ili alale nyumbani. Tajiri wa duara akampa mtu mwingine nafasi yake, akamwachia kibarua cha mchana cha kubeba mawe. Wiki ya sita aliuza baiskeli Kharumwa. Alirudi kwa miguu jioni, anavuta beberu wa kahawia mwenye sikio moja jeupe. Alimfunga kwenye mti wa mpapai, akakaa, akavua viatu. Scolastika alimletea mbuzi majani kwanza, ndipo akampelekea mumewe chakula.

Usiku ule alilala. Aliamka kumekucha, akashtuka kwamba amelala.

*

Asubuhi hiyo ilikuwa ya Alhamisi. Faini hupokelewa Jumamosi, kwenye mkutano. Scolastika hakuona sababu ya kungoja usiku mbili zaidi kwa ajili ya kalenda. Asubuhi hiyohiyo akamfungua beberu, akampeleka kwa katibu.

Katibu alikuwa amekaa nje anachonga mswaki. Aliwaona wakija, akaangalia kulia na kushoto. Ng'ambo ya njia, mbele ya duka, walikuwepo vijana kama sita, na vijana sita kwa mtu mcheshi ni jukwaa.

"Shikamoo ya kwako nitakudai ukiruhusiwa," Scolastika alisema. "Nimeleta mbuzi. Mpokee, uandike, tuishe."

Kumjibu mtu aliyetengwa ni mbuzi. Katibu alijua, kwa sababu ndiye aliyeiandika sheria hiyo kwa mkono wake mzuri. Basi akainama, akamtazama beberu machoni.

"Ndugu beberu," akasema, "karibu. Mwambie aliyekuleta kwamba mbuzi wanapokelewa Jumamosi."

Vijana wa dukani wakaanza kusogea.

Scolastika alisimama na kamba mkononi. Alikuwa mama wa miaka thelathini na nne, wa kwaya, aliyewahi kumpaka huyu katibu dawa ya upele alipokuwa hajui kufunga vifungo. Alitazama kile kicheko kilichokuwa kinakuja barabarani, akapima. Kisha naye akainama kwa mbuzi.

"Beberu," alisema taratibu, "mwambie katibu akufunge hapa kwake hadi hiyo Jumamosi. Asiandike kitu. Akufunge tu, watu wakuone."

"Beberu, mwambie hapa si zizi. Ukijinyonga na kamba nani atalipa?"

"Mwambie kwangu kuna usiku mbili."

"Mwambie na kwetu zipo mbili hizohizo."

Hiyo iliwaua vijana. Mmoja alikaa chini kabisa, amejishika mbavu. Beberu, kwa kusikia jina lake mara nyingi, akalia meee, na hapo hata aliyekuwa amejizuia akashindwa. Scolastika alingoja kidogo, labda baada ya kicheko kungekuja neno jingine. Halikuja. Alimgeuza mbuzi, na kwa kuwa mbuzi alikataa kugeuka, ikabidi avutane naye mbele za watu hadi kwenye kona.

Kichekesho hicho kilifika mnadani Kharumwa siku hiyohiyo. Nani alikipeleka, sijui. Watu husema mengi kwenye banda la nyama choma wakitaka kuchekesha wageni: kwamba kijijini kwetu kuna nyumba ya mchimbaji ambayo ukiingia, unaweza kuingia hata na ngoma, hatatoka mtu.

*

Wezi walikuja Ijumaa saa mbili usiku.

Hawakusubiri watu walale. Hawakusubiri hata mwezi uzame, na mwezi ulikuwa umejaa, unaweza kusoma barua. Vyungu vilikuwa jikoni. Kwa Mama Rebeka redio ilikuwa inatoa taarifa ya habari. Wanne walipita katikati ya njia kama watu wanaokwenda msibani, wakasukuma lile bati na jiwe lake la kusagia kwa pamoja.

"Dhahabu," mmoja akasema.

Bartholomeo alikuwa amekaa na sahani ya ugali. "Tafuteni," alisema. "Mkiipata tugawane, na mimi naitafuta."

Wakamkata panga la mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

Scolastika alimsukuma Asteria uvunguni, akatoka nje, akapiga mwano. Ulitoka kama unavyotakiwa kutoka, mrefu, wenye kupanda. Wezi wawili waliokuwa mlangoni wakamtazama, na hakuna aliyemfuata. Mwenzao aliendelea kufungua sola juu ya paa, bila haraka.

Kwa Mama Rebeka redio iliongezwa sauti.

Akapiga mara ya pili. Kijijini milango ikafunguka, ndiyo, ilifunguka mingi, wanaume wakatoka na marungu, wakasimama kila mmoja kwenye kizingiti chake. Walitazamana ng'ambo ya njia kwenye ule mwanga. Kila mmoja alikuwa anangoja kuona mwenzake atafanya nini, ili kesho awe na wa kumtaja. Mtemi Masele alitoka na upinde, akakaa kwenye kiti chake nje, akauweka magotini. Filimbi ikilia, mbio ni halali, kwa sababu filimbi ni amri na amri haitozwi faini. Haikulia.

Mara ya tatu sauti haikutoka vizuri. Alisema kitu, lakini hakuna aliyeweza kusikia ni nini.

Wezi walichukua sola, simu, godoro kwa kuwa hawakuamini, kuku wanne, na beberu. Walipita naye njia ileile. Milango ilifungwa mmoja mmoja walipokuwa wanakaribia, na kufunguliwa tena walipokwisha pita.

*

Hakuna pikipiki iliyokubali kumbeba majeruhi aliyetengwa. Scolastika alimfunga mumewe mkono kwa kanga, akamlaza kwenye toroli la kubebea mawe, akasukuma kilomita tisa, Asteria akimulika mbele kwa kibatari. Mkono haukukatwa hospitali. Ulibaki, ila vidole vitatu vilikoma kufunga, na nyundo haishikwi na vidole viwili.

Polisi walikuja asubuhi wakauliza nyumba kwa nyumba. Ikaonekana kwamba kijiji cha watu mia nane kililala fofofo saa mbili usiku, na redio zake zikasoma taarifa ya habari zikiwa usingizini.

Jumamosi mkutano ulikaa kama kawaida. Mtemi hakuinua macho.

"Mbuzi wa Bartholomeo alifika?"

Katibu akafunua daftari, ingawa alijua. "Hajafika."

"Aliibiwa," sauti ya Mama Rebeka ikasema kutoka upande wa wanawake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke kusema bila kuulizwa, na alisema akitazama chini.

"Nimesikia," Mtemi akajibu. Alikuna kidevu kwa muda mrefu sana. "Lakini akisamehewa aliyeibiwa, wote wataibiwa. Andika hajafika."

Ikaandikwa. Wiki iliyofuata nyumba ya Bartholomeo ilikuwa tupu. Mlango wa bati waliuacha, umelala chini palepale ulipoangushwa.

*

Mvua ilikuwa imepungua. Mama Mageni alikuwa ameacha kukanda unga. Nilikunywa chai yangu iliyopoa na kuweka ufunguo benchini, kwa namna ya mtu aliyemaliza.

"Na katibu?" Chacha akauliza.

"Katibu gani?"

"Mwenye filimbi. Si umesema ikilia mbio ni halali? Ndiye wa kupuliza."

"Alikuwa amelala," nikasema. "Kama wengine."

"Wengine umesema walikuwa mlangoni."

"Basi yeye alilala kweli."

Yule mama wa mwisho wa benchi akashusha kanga mabegani. Hakunitazama. Alichukua kikombe chake kwa mikono miwili, akakiinua hadi usawa wa macho, akakiinamia kidogo kama mtu anayezungumza na mtoto.

"Kikombe," alisema taratibu, "mwambie aliyekaa pale kwamba sauti ya tatu ilitoka vizuri."

Chacha alianza kucheka, akidhani ni utani wa soko. Kisha akaniona uso, akaacha.

"Mwambie haikuwa mwano. Ilikuwa jina lake. Niliita kwa sababu nilimwona. Alikuwa kwenye minyaa, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, na mwezi ulivyokuwa nilihesabu hata vifungo vyake. Filimbi ilikuwa mdomoni. Mashavu yamejaa pumzi." Akakiweka kikombe chini, akaweka mia mbili ya Mama Mageni pembeni yake. "Muulize ile pumzi aliipeleka wapi."

Alijitwika beseni la dagaa, akatoka kwenye manyunyu akielekea sokoni, bila kugeuka. Kwa mbali, chini ya kibaraza cha duka, mwanamume aliyekuwa amekaa na mkono mmoja mapajani aliinuka kumpokea.

Chacha akanyoosha mkono, akaokota ufunguo wangu, akakigeuzageuza kile kifilimbi, akakifuta kwa shati lake. Kisha akanisogezea juu ya ubao, polepole, hadi kikagusa vidole vyangu.

"Puliza," akasema.